ZIMA, UZIME AU TUZIME? SOMO LA SIMU UKUMBINI

Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alinitaka niandike makala ya sarufi kwa jarida la mwaka huu. Nilianza kuandika juu ya ngeli, nikachoka hata kabla ya msomaji kuchoka. Ndipo nikakumbuka jambo lililonipata muhula wa kwanza. Ni jambo la sarufi kweli kweli, ingawa lilitokea mbali na darasa. Linahusu simu, giza na kitenzi kimoja tu: kuzima.

KISA CHENYEWE

Sisi wa kidato cha tatu tulipelekwa mjini Kericho kutazama mchezo wa Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege ambayo tunaisoma kwa ajili ya KCSE. Wengi mnajua mambo hayo yanavyokwenda. Kikundi cha waigizaji huja, shule kadhaa hukusanyika katika ukumbi mmoja, kila mwanafunzi hulipa kiasi chake, taa huzimwa na mchezo huanza. Sisi wanafunzi hatukuwa na simu, kwa maana haturuhusiwi. Wenye simu walikuwa walimu, madereva wa mabasi na wazazi wachache waliotusindikiza. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wazima hupenda kudai kwamba vijana ndio walioharibiwa na simu.

Mchezo ukafika pale Sara, ambaye ni mgonjwa, anapozungumza na mumewe Yona. Mwigizaji alikuwa ameshusha sauti na ukumbi mzima ulitulia tuli. Mara safu mbili mbele yangu mwanga mweupe ukachomoza. Mama mmoja alikuwa ameishika simu karibu na kifua. Anaiwasha, anaitazama, anaifunika kwa kiganja. Baada ya kitambo kidogo, tena. Mara ya nne nikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti:

"Mama wa mulika mwizi, zima hiyo tochi! Huku hakuna mwizi!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata yule mwigizaji wa Yona alisita kidogo. Wenzangu walinipiga mgongoni, nami nikajiona shujaa. Yule mama hakugeuka. Aliizima simu kabisa, akaitia mkobani, akakaa wima mpaka mwisho.

Tulipotoka nje nikamwona amesimama kando ya ukuta, simu sikioni, mkono unatetemeka. Hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa mama wa mwenzangu, tunakaa dawati moja. Nyanya yao alikuwa amelazwa hospitalini usiku uliotangulia, na dada ya huyu mama alikuwa ameahidi kupiga simu kama madaktari wangeamua kumhamisha. Kumbe waliamua. Dada alipiga mara tano akakuta simu imezimwa. Mgonjwa akapelekwa kwingine, na nyumbani hakuna aliyejua nguo na pesa zipelekwe wapi. Saa nzima na zaidi ilipotea hivyo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwendea, nikamwambia ni mimi niliyepiga kelele, nikaomba msamaha. Alinitazama, kisha akasema polepole, "Kijana, mimi sikujua mwanga ulikuwa unafika kwenu. Si ungekuja uniambie tu? Ningetoka nje."

Hayo tu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

NANI ALIKUWA NA HAKI?

Nimelifikiria swali hilo siku nyingi. Usidhani nitasema mama alikuwa na haki na mimi nilikosa tu. La. Mwanga ule ulitusumbua kweli. Tulikuwa tumelipa, waigizaji walikuwa wamejitahidi, na mtihani unatungoja. Wacha nieleze kwanza kwa nini mwanga unaudhi kuliko hata mlio.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitufafanulia hivi. Ukitoka mwangani ukaingia gizani, mboni ya jicho hupanuka upesi. Lakini zile seli za retina zinazotusaidia kuona gizani zinakawia. Huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu. Mwanga mkali ukitokea ghafla mbele yako, uzoefu ule unaharibika na jicho linaanza kazi upya. Isitoshe, jicho hukimbilia kitu kinachong'aa hata kama hutaki. Mlio wa simu hukoma, lakini kioo cha simu huendelea kukuita.

Sasa tazama upande wa pili. Mwenye simu macho yake yako kwenye kioo chake. Kwake yeye ule mwanga ni mdogo, unatosha kusoma maneno mawili matatu. Walioko nyuma hawaoni, kwa sababu wako gizani. Nyani haoni kundule, na mwenye simu haoni mwanga wake. Kwa hiyo mara nyingi tunayemdhania mjeuri ni mtu asiyejua tu. Ukimshambulia kama mjeuri, umemjibu mtu ambaye hayupo.

Tena tusisahau simu ni nini kwetu. Mhandisi Martin Cooper alipopiga simu ya kwanza ya mkononi mjini New York tarehe 3 Aprili 1973, ilikuwa chombo cha kuongea tu. Kwetu Kenya, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu imekuwa pia mfuko wa pesa. Humo mna karo, nauli na habari za mgonjwa. Mama anayechuma majani chai kutwa nzima, akina sisi tukiwa shuleni, hana njia nyingine ya kujua kama nyumbani ni salama. Kumwambia mtu kama huyo "zima" ni kumwambia afunge mlango ambao huenda mtu anaubisha.

NILIKOYATOA MANENO YALE

Msomaji unaweza kuuliza, maneno yale ya mulika mwizi niliyatoa wapi? Niliyatoa kwa kibanda cha video pale senta yetu. Binamu yangu hukaa mlangoni akikusanya pesa, na Jumapili mimi huenda kumsaidia kupanga mabenchi. Huko watu hutazama mpira na zile filamu za kigeni ambazo DJ Afro amezitia maelezo yake ya Kiswahili na vichekesho. Kelele ni sehemu ya starehe. Mtu akiwasha simu mbele ya watu, kibanda kizima hupiga mayowe, "Mulika mwizi! Toa tochi!" Naye hucheka, huificha simu, na hakuna aliyekasirika. Wote wanajuana, wote ni vijana, na kesho yeye naye atampigia mwingine mayowe.

Hapo ndipo lilipo somo letu la isimujamii. Mwalimu anapotufundisha sajili, huwa tunakariri: sajili ya hospitali, sajili ya mahakama, sajili ya sokoni. Tunaandika sifa tano na kupata alama. Mimi nilipata alama zangu zote, halafu nikachukua sajili ya kibanda cha video nikaipeleka mbele ya mzazi katika ukumbi wenye watu wasiojuana. Maneno ni yale yale ila muktadha umebadilika. Kule yalikuwa utani. Huku yalikuwa kumvunjia mtu mzima heshima mbele ya watoto wake. Na kwetu Wakipsigis, kama ilivyo kwa wengine pia, mtoto hamkemei mama hadharani hata kama mama amekosa.

KWINGINEKO DUNIANI

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Mjini New York mwaka 2003 baraza la mji lilipitisha sheria ya kumtoza dola 50 mtu anayetumia simu wakati wa sinema, mchezo wa jukwaani au tamasha la muziki. Sheria ni nzuri, lakini nani atamkamata mtu gizani? Katika mji huo huo, Julai 2015, mwigizaji Patti LuPone alimpokonya mtazamaji simu mchezo ukiendelea, akaondoka nayo jukwaani. Ikiwa mwigizaji mwenyewe bado alilazimika kuamua kesi yake kwa mkono, miaka 12 baada ya sheria, basi faini haikutosha.

Wengine walijaribu kulegeza. Aprili 2016 mkuu wa AMC, kampuni kubwa ya sinema ya Marekani, alisema wanafikiria kuruhusu watu waandike ujumbe katika baadhi ya kumbi ili kuwavutia vijana. Watazamaji walilalamika sana, na baada ya siku chache tu wazo lile likaachwa. Naona walikuwa na haki. Giza la ukumbi ni mali ya wote.

Kisa kinachonitisha ni cha Florida, Januari 2014. Filamu ilikuwa haijaanza hata, yanaonyeshwa matangazo tu. Baba mmoja alikuwa akiandika ujumbe kumhusu bintiye mdogo aliyeachwa kwa mlezi. Mzee aliyeketi nyuma yake, polisi mstaafu, alimwambia aache. Maneno yakapanda, mzee akaenda kushtaki kwa wasimamizi, akarudi, maneno yakapanda tena, popcorn zikarushwa, na yule mzee akampiga baba wa watu risasi akafa. Mwaka 2022 mahakama ilimwachilia mzee huyo kwa kuwa alidai alijitetea. Mimi sibishani na mahakama. Ninachokiona ni kwamba ujumbe ule ulikuwa wa mtoto, kama vile simu ya yule mama ilikuwa ya mgonjwa. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

SOMO LA SARUFI: NJIA TANO ZA KITENZI KIMOJA

Sasa tushike kalamu. Kitenzi ni -zima. Tazama jinsi kinavyobadilika na jinsi msikilizaji anavyokipokea.

1. Zima! Zimeni! Hii ni amri tupu. Inafaa moto ukiwaka, au mkubwa akimwambia mdogo. Mdogo akimwambia mkubwa, ni matusi hata kama sauti ni ndogo.

2. Uzime. Naomba uzime. Kiishio -e hugeuza amri kuwa ombi. Ni afadhali sana. Lakini kiambishi u- bado kinamnyoshea mtu kidole: ni wewe.

3. Ungeizima kidogo, ningeshukuru. Hapa -nge- inampa mtu nafasi ya kukataa au kueleza. Huyu anaweza kukujibu, "Ningeizima, lakini nina mgonjwa." Basi umejua, na mnaweza kushauriana.

4. Simu zizimwe. Hii ni kauli ya kutendwa, nayo ndiyo hupendwa na wanaoandika mabango. Uzuri wake ni kwamba haimshtaki mtu. Ubaya wake ni huo huo! Zizimwe na nani? Kila mtu hudhani ni simu ya jirani.

5. Tuzime simu zetu. Kiambishi tu- kinamwingiza msemaji mwenyewe. Hakuna mwenye kosa na hakuna aliyeachwa nje. Lakini kinadai kitu kimoja: anayesema "tuzime" lazima aonekane akiizima yake kwanza, la sivyo anadanganya kwa sarufi.

Kuna na jambo la maana ya neno. Tunasema kuzima moto, kuzima taa, kuzima simu. Lugha yetu ilikwisha kutuambia kwamba simu nayo ni taa. Taa za ukumbi zikizimwa, taa zote ndogo nazo zifuate. Lakini kuzima siyo kunyamazisha. Simu iliyonyamazishwa bado itawaka mfukoni au pajani. Kwa hiyo asiyeweza kuizima aiweke kwa mtetemo na aifudikize, kioo kiangalie chini.

TULIVYOJARIBU WENYEWE

Nadharia bila vitendo ni bure. Siku ya wazazi, muhula wa pili, chama chetu kilionyesha filamu kwa projekta katika bwalo la chakula. Tuliionyesha mara mbili kwa sababu bwalo ni dogo. Tukaamua kulinganisha.

Asubuhi tuliandika ubaoni kwa herufi kubwa SIMU ZIZIMWE, basi. Filamu ilipoanza bwalo likawa kama shamba lenye vimulimuli. Hata wakati mvua ya mawe ilipopiga mabati tukashindwa kusikia chochote, watu hawakuikasirikia mvua, kwa kuwa haina mwenyewe. Waliwakasirikia wenye simu. Mzee mmoja alimwambia mwenzake maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa jarida la shule.

Alasiri tulibadilisha mambo manne. Kwanza, mlezi wetu alisimama mbele, akaitoa simu yake, akasema, "Wazazi wetu, tuzime simu zetu kwa saa moja na nusu," akaanza na yake. Pili, alisema, "Kama kuna anayengojea simu ya mgonjwa au ya jambo zito, tumemwekea kiti karibu na mlango. Hatutamuuliza ni jambo gani." Tatu, kiranja mmoja aliteuliwa kuwa mwenye kazi hiyo. Wengine wote waliombwa wasiseme lolote. Nne, kiranja huyo alifundishwa maneno yake: apite pembeni, ainame, anong'one, "Samahani mzee, mwanga wa simu unafika nyuma." Asiseme zima. Aseme kilichopo tu, na mtu mzima atajua la kufanya mwenyewe.

Mambo yalikuwaje? Watu watatu walikaa karibu na mlango. Mmoja wao simu yake ilitetemeka, akatoka, akaongea, akarudi, na walioko mbele hawakujua hata. Mzee mmoja mwenye kabambe aliiwasha atazame saa. Kiranja akainama, akanong'ona, na mzee akaitia simu ndani ya kofia yake na kumshukuru. Sitaki kuwadanganya kwamba kimya kilikuwa kamili. Katikati ya filamu simu moja ililia kwa sauti kubwa, wimbo wote mpaka mwisho. Ilikuwa ya mwalimu mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu za kiusalama!

Kwa nini alasiri ilikuwa afadhali? Kwa maoni yangu si kwa sababu tulikuwa wapole tu. Ni kwa sababu tulisema kabla ya giza, wakati hakuna aliyekosa bado. Na wenye dharura walikuwa na mahali pa kwenda. Kanuni isiyo na mlango huvunjwa, na anayeivunja huonekana adui.

Lakini vipi kama uko ukumbini na hakuna kiranja wala tangazo? Basi ni wewe. Kama mwenye simu ni rika lako na mnajuana, utani wa kibandani unaruhusiwa. Kama ni mkubwa wako, ngoja kidogo, huenda anamaliza. Asipomaliza, mwendee kando, inama, mwambie mwanga unafika nyuma. Kama yuko mbali, mwambie mwalimu au mtu mzima aliye karibu naye. Akikataa kabisa, mwachie wenye ukumbi. Usipaze sauti kutoka nyuma, kwani hapo umeharibu mchezo mara mbili: mwanga wake na kelele yako. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse simu mkononi.

ZOEZI

(a) Badilisha sentensi hizi ziwe ombi linalomfaa mtu aliyekuzidi umri: (i) Wewe, toa hiyo simu! (ii) Acha kuongea, tunasikiliza. (iii) Nendeni nje mkapigie huko.

(b) Eleza tofauti kati ya: kuzima, kunyamazisha, kufunika na kufudikiza simu.

(c) Tunga tangazo la maneno yasiyozidi 30 la kusomwa kabla ya mchezo kuanza. Litumie kiambishi tu- na liwataje wenye dharura.

(d) "Kicheko cha hadhira si ushahidi kwamba msemaji ana haki." Jadili.

Swali la (d) nimelitunga kwa ajili yangu mwenyewe. Siku ile Kericho ukumbi mzima ulicheka, nami nikadhani kicheko ni cheti.

Yule mama alikuja siku ya wazazi. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa karibu na mlango, simu iko pajani, kioo chini. Haikulia. Nyanya yao alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, mwenzangu alinieleza, ila mama yake sasa amezoea kukaa mlangoni. Tulipokuwa tunapanga viti baadaye alinipita, akanigusa bega, akaniambia, "Leo tumeona sinema vizuri." Nami nikasema kongoi, kwa sababu sikuwa na neno jingine la Kiswahili lililotosha.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Kazi kwako, msomaji, na majibu ya zoezi uyalete kwa chama kila Alhamisi baada ya masomo. Tukutane ukumbini.